Meli Chini ya Shamba la Kabichi

Shaba ikisuguliwa kwa majivu na ndimu huacha harufu mkononi ambayo haiondoki hata ukinawa kwa sabuni. Ni harufu kali kidogo, kama ya sarafu iliyofumbatwa njia nzima na mtoto aliyetumwa dukani. Tulipokwisha kuanua matanga ya baba, niliingia chumbani kwake kutoa vitu vyake vya sadaka, nikainama chini ya kitanda, na harufu hiyo ikanipata kabla sijakiona chenyewe. Nilijua ni nini. Nikakaa kwenye sakafu, kandambili yake moja mkononi, nikalia kuliko nilivyolia siku jeneza lilipotoka mlangoni.

Kilikuwa kimefungwa kwenye kilemba chake cha Idi. Nilikivuta kwa mikono miwili, maana ni kizito, nikakiweka mapajani. Chuma kinene, chini bapa, ubavu wake umejikunja kama kipande cha chungu kikubwa, na kingo zilizovunjika bado zina ncha za kukata kidole. Karibu na chini kumepita mkanda mpana wa shaba nyekundu, nao una michirizi ya mshazari, yote imelalia upande mmoja. Kutu ilikuwa imekula kila mahali isipokuwa pale kwenye shaba. Pale palikuwa panang'aa. Mzee wa miaka ile yote, mgonjwa wa kifua, alikuwa bado anaisugua.

Wenzangu wa rika langu mliokulia milimani mtanielewa nikisema kwamba utotoni mwetu Mjerumani hakuwa ameondoka. Aliondoka mwili tu, mali yake ikabaki. Kila jiwe lenye mchoro lilikuwa alama yake, kila mti mkubwa uliosimama peke yake ulikuwa umekalia sanduku lake la rupia, na kila ukoo ulikuwa na mjomba aliyewahi kulikaribia sanduku hilo kabisa akazuiwa na nyuki, au nyoka, au ndugu mwenye husuda. Tulizijua habari hizo kabla ya kulijua jedwali la kuzidisha, na hakuna mtu mzima aliyetuambia kwamba ni upuuzi, kwa sababu watu wazima wenyewe walikuwa wanazisimuliana.

Baba hakuwa mtu wa habari hizo. Nataka hili lieleweke, maana huko kwetu siku hizi wanamsimulia kana kwamba alizaliwa na sururu mkononi. Baba alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, na shamba lake lililokuwa limening'inia kwenye mteremko juu ya barabara ya Soni ndilo bwana shamba alilowaonyesha wageni. Matuta yake yalikuwa yamepangwa ngazi kwa ngazi, kila ukingo umepandwa majani ya gwatemala yanayoshika udongo, na mvua iliposhuka maji yalitembea pale kama watoto wa chuo wanaotoka darasani, kwa adabu, mmoja nyuma ya mwenzake. Kazi hiyo alifundishwa na Shangazi Mwanaidi, dada wa babu yangu, aliyemlea baada ya wazazi wake kufa. Nyumba ya shangazi ilikuwa chini kabisa, shamba linapoishia. Sisi tulimwita shangazi kama baba alivyomwita, ingawa kwetu alikuwa bibi. Alikuwa na msemo wake: kingo ndizo mbavu za shamba, ukizivunja nyama yote inaanguka.

Baba alikuwa anarudishia ukingo wa tuta la juu jembe lilipolia. Alikichimbua kile chuma, akanipa nikioshe mferejini, na kwa kuwa kilikuwa kizito na kizuri kukitazama, mama akakitumia kuzuia mlango usijifunge na upepo. Kikakaa pale mlangoni msimu mzima wa karoti. Nikikumbuka muda ule roho inaniuma, kwa sababu kingeweza kukaa pale mpaka leo. Kingekuwa kizuia mlango. Tungekuwa na shamba.

Kisha mnunuzi wa kabichi kutoka Mombo akaja kupanga mzigo wake, akajikwaa, akakiokota na kukigeuzageuza. Akamuuliza baba kama anajua ameshika nini. Akamwonyesha chini yake, mahali ambapo mimi kwa kusugua nilikuwa nimefichua mchoro: taji dogo, na chini ya taji herufi, na pembeni tarakimu zilizoliwa nusu na kutu. Halafu akamwonyesha michirizi ya mshazari. "Hii ni mishale," alisema. "Mjerumani hachori kitu bure." Akapakia kabichi zake, akashuka zake Mombo.

Hata hapo baba hakukurupuka. Alifanya jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya, alikwenda kuuliza kwa anayejua. Pembeni ya mji wa Lushoto aliishi mzee tuliyemwita Baharia, mtu wa kwetu aliyetumikia jeshi la wanamaji mpaka akastaafu na cheo, akarudi mlimani kupanda mapeasi. Watu walimheshimu sana na kumcheka kidogo, kwa kuwa alikuwa akitembea amepanua miguu kana kwamba ardhi ya Usambara nayo ina mawimbi. Baba alikifunga chuma kwenye gunia, akanichukua mimi nimbebee mwavuli, tukaenda.

"Shikamoo, mzee," alisema baba.

"Marahaba. Karibuni, karibuni. Mmebeba nini, jiwe la kusagia?"

Baba akafungua gunia. Baharia akavaa miwani, na uso wake ukabadilika. Alikipeleka dirishani, akapitisha ukucha kwenye michirizi, akakigeuza, akatazama lile taji kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimekazia macho sahani ya mapeasi mezani, lakini maneno yake nilikuwa nayasikia, na nimeishi nayo.

"Hiki ni kitako cha kombora," alisema. "Kombora la mzinga. Tena si mzinga wa nchi kavu, ni wa meli."

"Wa meli?"

"Wa meli ya vita. Tazama huu mkanda. Shaba ni laini, chuma cha mtutu ni kigumu. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka. Baruti ikisukuma, shaba inabanwa kwenye ile mifereji, na kombora linatoka linazunguka kama pia. Kwa hiyo hii michirizi hakuna mtu aliyeichora. Imechongwa na mzinga wenyewe. Na hili taji lenye M chini yake ni muhuri wa jeshi la majini la Mjerumani. Nilipokuwa kambini nimeliona kwenye ganda la kale walilolifanya pambo la ofisi."

Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha nje. Baba akauliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza, na ambalo sikujua kwamba litatula sisi sote: "Sasa kama ni la meli, lilifikaje huku juu?"

Baharia hakuwa mchoyo wa maelezo. Alisema kwamba katika vita ile ya kwanza, meli moja ya Mjerumani ilikwama na kuharibiwa huko Rufiji, na Mjerumani akaing'oa mizinga yake, akaitia magurudumu, akaikokota nchi nzima. Haikukokotwa na ng'ombe, wala haikukokotwa na Wajerumani. Ilikokotwa na watu waliofungwa kamba mabegani, vijiji kwa vijiji, na wengi wao hawakurudi. Mmoja wa mizinga hiyo, alivyodhani yeye, ulikuwa huko bondeni upande wa reli, ukapigwa kuelekea mlimani, labda kwa shabaha, labda kwa kukosea. Kombora likaja kufia kwenye mteremko ambao baadaye ukawa shamba letu.

"Lilipasuka," alisema. "Hiki ni kitako tu. Vipande vingine vimo humo humo shambani kwako, vimetawanyika. Utakutana navyo ukilima. Ukiona kizima usikiguse, ita polisi. Lakini mali hakuna, Rajabu. Nakuona unavyonitazama. Hii ni taka ya vita."

Alieleza vizuri. Mpaka leo sijasikia mtu akikieleza vizuri zaidi. Alisema kweli tupu, mwanzo mpaka mwisho, na kweli ile ndiyo iliyotumaliza. Laiti angekuwa mwongo, au mjinga, au angesema ni kipande cha trekta.

Tukaaga, tukarudi. Tulipoanza kupanda njia ya kwetu baba akasema, si kuniambia mimi hasa, bali kuiambia njia: "Babu yangu alichukuliwa na Mjerumani kukokota mizigo. Hakurudi." Hilo nililijua. Kila mtu nyumbani alilijua. Shangazi Mwanaidi alizaliwa baba yake akiwa ameshapelekwa, hakumwona hata siku moja. Lakini siku ile baba alilisema kwa sauti mpya, kama mtu aliyekuta mlango mahali alipozoea kuona ukuta. Kichwani mwake mambo yalikuwa yanajipanga: mizigo ya meli ilikokotwa, babu yake alikuwa mkokotaji, na kitu cha meli kimeonekana katika shamba la ukoo wa mkokotaji. Na Baharia mwenyewe, mtu msomi, amesema kuna vingine humo humo. Lile neno la mwisho, kwamba mali hakuna, lilibaki kwenye mapeasi ya Baharia huko mjini.

Mimi nami nilikuwa nimechukua langu. Nilikuwa nimesikia meli. Bahari nilikuwa sijaiona, na chombo kikubwa kuliko vyote nilichokijua kilikuwa ni Fuso la kubebea kabichi. Basi meli yangu ilikuwa Fuso lisilo na magurudumu, lenye madirisha mengi na pembe mbele, na kwa akili yangu lilikuwa limelala chini ya shamba letu, zima, likisubiri. Kama kitako chake kimetoka pale juu, kichwa chake kilikuwa wapi? Nilikisia kwamba kimefika karibu na jiko la Shangazi Mwanaidi. Nilijivunia sana. Watoto wenzangu walikuwa na mbuzi na redio, mimi nilikuwa na meli. Nikitumwa shambani nilikuwa nalala kifudifudi kati ya kabichi, sikio kwenye udongo, nisikilize kama kuna mtu ndani.

Kilichomvunja baba kabisa kilikuwa ni mashine. Alimleta mtu kutoka Korogwe mwenye mashine ya kupima chini ya ardhi, fimbo ndefu yenye sahani mwishoni na kidude cha sauti, na ndama wetu akashuka mlima kuwa malipo yake. Mtu yule alipitisha sahani juu ya tuta la juu, mashine ikalia. Akasogea, ikalia. Akashuka tuta la pili, ikalia hapa na pale na kule. Wanakijiji waliokuja kutazama wakasogea karibu. Mashine haikudanganya. Chuma kilikuwamo, kama Baharia alivyosema: vipande vya kombora lililopasuka, kimoja huku na kingine kule. Baba akachimba paliposema mashine, akatoa kigae cha chuma chenye kutu kinachojaa kiganja. Akachimba tena, akatoa kingine. Kila shimo lilimpa kitu, na kila kitu kilimpa sababu ya shimo jingine. Alivipanga vipande hivyo kwenye kibaraza, ukutani, kama mtu anayepanga mayai.

Kabichi zikang'olewa kabla ya kufunga. Halafu zikafuata kingo. Majani ya gwatemala aliyoyapanda kwa mkono wake aliyafyeka, na mashimo yakaingia chini ya matuta, ubavuni mwa mlima. Mama alikuwa akienda kulima vibarua kwa watu, na jioni alikuwa akisimama mlangoni akitazama shamba lililoanza kufanana na uso wenye ndui.

"Baba Zaituni," alimwambia siku moja wakati tunakula makande, "masika iko mlangoni. Kingo utazirudishia lini?"

"Nikishapata."

"Ukishapata nini?"

Baba aliendelea kula. Mama akaniongezea makande ambayo sikuyaomba.

Baharia alisikia, akapanda mlima na mkongojo wake. Baba alimpokea kama mkwe, akamtandikia mkeka, chai ikaletwa. Mzee alitazama vile vipande ukutani, akatazama shamba, akaweka kikombe chini.

"Rajabu, mimi sikukwambia kuna mali. Nilikwambia hakuna."

"Ulisema kuna vipande, mzee," baba alijibu kwa upole. "Na kweli vipo."

Baharia alikichukua tena kikombe. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaaga, akashuka. Hakurudi tena. Majirani nao walikuwa wameshakata shauri kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na walisema hivyo hata mbele yetu sisi watoto.

Masika ilipoanza mimi niliendelea kumsikiliza abiria wangu. Siku moja nikamsikia. Chini ya tuta la katikati kulikuwa na sauti ya maji yanayopita, maji mengi, yanaguguma taratibu. Moyo ulinidunda kwa furaha. Kama kuna meli lazima kuna bahari yake, na bahari ndiyo hiyo. Nikakimbia mpaka kwa Shangazi Mwanaidi, nikamkuta anachambua maharage, nikamwambia nimesikia bahari chini ya shamba.

Hakucheka. Aliacha ungo, akapanda nami hadi pale nilipolalia, akapiga magoti, akainamisha kichwa chake chenye mtandio mpaka sikio likagusa udongo. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea kwa mtu mzima. Aliponyanyuka alikuwa na tope shavuni na hakulifuta. Akaenda moja kwa moja kwa baba aliyekuwa shimoni, akamwambia kwa Kishambaa, lugha aliyoitumia anapotaka kusikilizwa, kwamba mlima unakunywa. Mtoto kasikia, naye kasikia. Azibe mashimo, arudishie kingo, leo hii.

Baba alitokeza kichwa. "Penye maji chini pana uwazi, shangazi. Na uwazi huo haukujitengeneza."

"Mwanangu, mimi nalala chini ya shamba hili."

"Najua. Ndiyo maana nachimba." Na hapa uso wake ulilainika, nikamwona baba yangu wa zamani. "Nikipata, nyumba ya kwanza ni yako. Ya matofali ya kuchoma, bati, na jiko la ndani usipigwe na baridi. Baba yako alikuachia, shangazi. Hakuondoka akakuacha bure."

Sikuwahi kumwona mtu mzima akitazamwa kwa huruma kama Shangazi Mwanaidi alivyomtazama baba. Nilikuwa mdogo lakini nilijua ile haikuwa hasira. Maisha yake yote alikuwa binti wa mtu asiyerudi, na sasa mtoto aliyemlea alikuwa anachimba mlima ili amrudishe huyo mtu. Mama alimsihi ahamie kwetu, kwenye bega la kilima, mpaka mvua ipite. Alikataa. Alisema akihama, kijiji kizima kitajua kwamba hata aliyemlea Rajabu anamwona mwendawazimu.

Ilikuwa alasiri, tumeketi jikoni. Wengine husimulia kwamba mlima ukiporomoka hunguruma kama radi. Wetu haukunguruma. Ulitoa sauti ya gunia la viazi linaloburutwa sakafuni, ikanyamaza, na baada ya hapo ikaja harufu ya udongo mbichi, nzito, mpaka moshi wa jikoni haukusikika. Mama alitoka mbio. Nami nikatoka nyuma yake, Hemedi mdogo wangu nimembeba mgongoni.

Shamba halikuwapo. Kutoka tuta la juu hadi chini palikuwa na kidonda chekundu, maji yanatoka katikati yake, na pale palipokuwa na nyumba ya shangazi palikuwa na rundo la udongo lenye majani ya gwatemala juu yake. Watu walikuwa tayari wanashuka kutoka kila upande na majembe, wanaume wanaita jina lake. Na mimi, Mungu anajua, kwa kitambo kidogo nilikuwa natazama kule palipofunguka kutafuta meli. Nilitafuta madirisha yake na pembe yake. Kulikuwa na mawe na maji tu.

Ndipo nikamwona baba. Alikuwa anashuka kwenye ule wekundu akiteleza na kuinuka, analia kwa sauti, anaita shangazi, shangazi. Alipofika katikati alisimama. Kitu kilikuwa kinameta mbele ya mguu wake, kimeoshwa na maji. Akainama, akakiokota, akakifuta kwenye koti, akakitia mfukoni. Halafu akaendelea kushuka, akiita kama mwanzo, akafika kwenye rundo na kuchimba kwa mikono kuliko mtu yeyote pale, mpaka kucha zikatoka damu. Walimpata Shangazi Mwanaidi kabla ya Magharibi. Baba ndiye aliyemtoa.

Nilipogeuka nilimkuta mama ananitazama. Naye alikuwa ameona. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, si siku ile wala alipokuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho, ila baada ya msiba kwisha alifunga vitu vyetu, akatuchukua kwao Bumbuli. Baba alibaki. Alisema hawezi kuliacha shamba, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba shamba lenyewe limeshuka barabarani, limezolewa kwa greda.

Kila Idi alikuja kutuona. Alikuja amevaa kanzu safi, kilemba kichwani, na mapeasi kwenye kikapu. Alikuwa na adabu, aliuliza habari za shule, alimshika mama mkono kama mgeni. Asiyemjua asingeona kasoro yoyote. Lakini akinipapasa kichwa nilikuwa nasikia ile harufu ya shaba na ndimu viganjani mwake, na wakati wa kuaga alikuwa akiniambia chini kwa chini, "Mwaka huu, Zai. Inshallah mwaka huu." Nilikuwa namwitikia inshallah. Ningemwambia nini? Hata nilipokuwa mtu mzima, naishi Tanga, bahari naiona kila nikienda kazini na meli nimezizoea kama magari, bado nilikuwa namwitikia hivyo hivyo.

Hemedi alikuwa mtoto wa mgongoni siku ile, hakuona kitu. Alipokua alimhurumia mzee, akaenda kukaa naye, akajenga kibanda pembeni, akamtunza mpaka mwisho. Namshukuru kwa hilo, na kwa sababu hiyo niliogopa. Niliapa kwamba yeye sitamficha. Nilikuwa nimewahi kukipiga picha kile chuma na kumtumia mtaalamu wa silaha za kale, na majibu aliyonipa yalikuwa yale yale ya Baharia, karibu neno kwa neno: mkanda, michirizi, taji, meli, Rufiji. Kwa hiyo nilikuwa na hakika zote mkononi. Nilidhani hakika zinatosha.

Nikamwita tukakaa kibarazani, kwenye ukuta ule ule, nikaweka chuma kati yetu. Nilimweleza yote. Nilimweleza shaba na mtutu, na kwa nini michirizi imelala. Nilimweleza watu waliofungwa kamba mabegani, na kwamba babu wa baba huenda alikuwa mmoja wao na huenda hakuwa, na kwamba aliyefia porini kwa mzigo wa mwingine hana alichomwachia mtoto wake. Nikamweleza mashine ililia nini. Nikamweleza hata lile la mteremkoni, la mfukoni, ambalo sikuwahi kulitoa kinywani. Hemedi alisikiliza vizuri mno. Aliuliza maswali ya maana. Machozi yalimtoka niliposema juu ya kucha za baba. Nikaona mzigo unashuka, nikashukuru Mungu kimoyomoyo, nikaegemea ukuta.

Alikichukua chuma, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ule mkanda unaong'aa, taratibu, jinsi baba alivyokuwa akifanya.

"Nimekuelewa, Dada," alisema. "Sasa kama ni la meli, lilifikaje huku juu?"

Niliinua macho. Nyuma yake ilikuwa imeegemezwa sururu niliyokuwa nimeiona tangu asubuhi na kudhani ni ya wachimba kaburi. Lakini baba tulimzika wiki iliyopita, na udongo wa kwenye sururu ulikuwa bado mbichi.